Mahali pa Kufa Bila Kuumia

Walimwita Breki kwa sababu hana. Jina alipewa shuleni, siku aliyomjibu mwalimu mkuu mbele ya gwaride, na likamganda hata baada ya kuachana na shule yenyewe. Sasa ni msichana mzima mwenye kazi yake, lakini mama yake akimwita kwa jina la kuzaliwa, anageuka kutazama ni nani mwingine kaingia.

Kazi yake ni mchezo wa leza. Kama hujauona, uko hivi. Watoto wanavaa vizibao vyenye taa kifuani na mgongoni, wanashika bunduki za plastiki, wanawindana. Bunduki inatoa mwanga tu. Mwanga ukigusa kizibao, kizibao kinalia na kutetemeka, na mtoto amekufa. Akishakufa anatoka, anapumzika kidogo, anarudi kufa tena. Hakuna anayeumizwa na bunduki. Kinachoumiza ni mahali: ukuta, ngazi, shimo, msumari. Mtoto anayewindwa hatazami chini. Breki alilijua hilo vizuri, maana miaka yote aliyofanya kazi kwa Bosi wa majumba ya upepo, alikuwa analipwa kudaka watoto ili warudi makwao na meno yote.

Na kwa Bosi ndiko shida ilikotokea.

Bosi anakodisha yale majumba ya mpira yanayojazwa upepo ili watoto waruke ndani. Siku moja kwenye sherehe, upepo wa kweli ukaanza kuvuma. Jumba likawa linanyanyuka upande mmoja kama mgeni anayetaka kuaga. Breki akasema lishushwe. Bosi akasema limefungwa vizuri, na ili wateja waamini, akavua viatu akaingia mwenyewe akaanza kuruka. Breki akazima mashine. Jumba likalala taratibu, na Bosi ndani yake. Wageni walipiga video. Alipotolewa, alikuwa na soksi moja. Akasema maneno mengi, Breki akamrudishia yote na nyongeza, kazi ikaishia palepale.

"Utarudi hapa kuomba msamaha!" Bosi alipiga kelele.

"Labda siku nikizikwa," Breki alijibu. "Na hata siku hiyo nitamtuma mtu."

Sasa sikiliza. Mahali panapofaa kwa mchezo wa leza Breki alipajua tangu siku aliyonunua vizibao na bunduki zake mwenyewe. Ni stoo ya Bosi. Ina paa zima. Mwanga wake hautoshi kusoma gazeti lakini unatosha kuona miguu yako. Sakafu ni ya saruji, imenyooka, haitelezi. Milango mikubwa miwili, wa mbele na wa nyuma. Madirisha hakuna, ni matundu ya hewa tu juu karibu na bati. Na kila upande kuna majumba yaliyotolewa upepo, yamekunjwa yakawa vilima vya mpira, laini, vya kujificha nyuma yake. Breki alishaifagia stoo ile mpaka akaijua kama kiganja chake. Lakini ni ya Bosi, ndiyo maana wiki nzima alizunguka mji akitafuta mahali pengine popote.

Mteja wake wa kwanza aliitwa Mama Mapacha, muuza nywele za bandia. Mapacha wake walikuwa na sherehe ya kuzaliwa Jumamosi na walikuwa wamealika darasa zima.

"Kila mwaka nampigia yule mzee wa majumba ya upepo," Mama Mapacha alisema kwenye simu. "Mwaka huu nimesema nikujaribu wewe. Ukiniangusha, mwenzangu, namba yake bado ninayo."

"Hutaihitaji," Breki alisema. "Ifute kabisa."

Akakata simu, akamtazama Binamu. Binamu ni mtoto wa mjomba wake, mtu mnene, mpole, ambaye hajawahi kuharakishwa na kitu chochote. Ndiye msaidizi, fundi betri na mkimbizaji.

"Si tukamwombe tu Bosi ile stoo?" Binamu aliuliza.

"Ukilitaja tena hilo jina utajikimbiza mwenyewe."

Binamu hakulitaja tena.

Breki hakuwa na utaalamu wa kukagua mahali. Alikuwa anavaa kizibao, anamwambia Binamu amfukuze, halafu anakimbia ameinama, kimo cha mtoto, bila kutazama chini. Akiumia, hapo pabaya. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Kufika katikati ya wiki, miguu yake ndiyo ilikuwa ripoti. Ungeweza kuanza kifundoni ukasoma kwenda juu.

Alianza na uani kwa mama yake, maana hapakuhitaji kuomba ruhusa. Alikimbia vizuri mpaka akafika kwenye kamba ya nguo. Ilikuwa imelemewa na mablanketi mabichi mpaka ikashuka usawa wa shingo yake. Binamu alimkuta amelala chali.

"Umekufa?"

"Nyamaza."

Mama yake alikuwa anafua pembeni na hakusimama. "Hiyo kamba iko hapo kabla hujazaliwa. Leo ndiyo unaiona?"

"Mama, watoto wa watu watanyongeka hapa."

"Basi wasije. Nani kawaita?"

Kutoka hapo wakaenda kwenye jengo lililokwama, lile la ghorofa ambalo mwenyewe aliishiwa nguvu kabla ya paa. Binamu alilipenda. Vyumba, korido, kona, kila kitu cha kujificha. Breki alikimbia. Ngazi hazikuwa na kizuizi pembeni. Nondo zilikuwa zinachungulia ukutani kwenye kimo cha macho ya mtoto. Kwenye chumba cha mwisho alikanyaga ubao uliolala sakafuni, ubao ukatoa sauti ambayo ubao haupaswi kutoa. Akarudi nyuma, wakauinua. Chini yake kulikuwa na shimo la choo, refu, linasubiri choo.

Jamaa anayelinda matofali alikuja kutazama. "Mbona mnaogopa? Watoto wanacheza humu kila siku."

"Na jioni mnahakikisha wametoka wote?" Breki aliuliza.

Jamaa alifikiri. "Hatujawahi kuangalia."

Kesho yake wakajaribu uwanja wa mpira ulio kando ya barabara. Mashimo hakuna, ngazi hakuna, kamba hakuna. Binamu alimpiga Breki kifuani kwa karibu kabisa, kizibao kikakaa kimya. Akampiga tena. Kimya. Jua lilikuwa linaumeza ule mwanga wote.

"Hapa mtu anaishi milele," Binamu alisema.

"Nipige kutoka kule kivulini! Nipige kifuani huko!" Breki alipiga kelele, huku ameinua bunduki yake juu.

Mwanamume mmoja aliyekuwa anapita na begi la ofisini akasimama. Akawatazama. Akatoa simu mfukoni polepole, akailaza kwenye majani, akainua mikono.

"Kaka, hapana, huu ni mchezo," Breki alimwambia akimsogelea.

"Chukua tu dada yangu. Sina kingine."

"Nakwambia sitaki simu yako!"

Mwanamume akakimbia. Breki akaokota simu akamkimbilia amrudishie, bunduki bado iko mkononi, na hapo ndipo yule kaka alipoonyesha kwamba begi lilikuwa linamchelewesha. Akalitupa. Wakabaki na simu na begi. Baadaye simu ikaita, imeandikwa Mke Wangu, Breki akapokea.

"Halo."

"Wewe mwanamke ni nani?"

Hilo nalo lilichukua muda kuliweka sawa. Vitu vyake alirudishiwa, lakini Breki alikuwa amejifunza kwamba mchezo huu hauwezi kuchezwa mbele ya mtu ambaye hajaambiwa.

Kwa hiyo lazima pawe ndani. Penye kivuli. Pasiwe na wapita njia. Ijumaa ilikuwa inakaribia, na Mama Mapacha alishapiga simu mara kadhaa kuuliza watoto waje wapi. Ndipo mtu akampa Breki namba ya mwenye ukumbi mmoja wa mazoezi. Breki akampigia akamhoji kama askari.

"Sakafu ikoje?"

"Mbao. Safi."

"Ngazi?"

"Hakuna, ukumbi uko chini."

"Milango?"

"Mmoja mbele, mmoja nyuma."

Moyo wa Breki ukaanza kutulia. "Na vioo?" aliuliza, maana dirisha la kioo na mtoto anayekimbia havifai kukutana.

"Vioo vipo!" Mwenye ukumbi alisema kwa fahari. "Tena vizuri."

"Vina nondo?"

"Nondo za nini? Vimebanwa na ukuta, haviendi popote."

"Vinafunguka?"

"Dada, kioo kinafungukaje?"

"Sawa, kama havifunguki. Nitaleta pazia moja nifunike."

"Watu wengi wanavipenda bila pazia," mwenye ukumbi alisema.

Sasa kioo ni neno vivu. Cha dirishani ni kioo, cha kujitazamia ni kioo, hata cha simu ni kioo. Breki aliuliza habari ya cha dirishani, mwenye ukumbi akajibu habari ya cha kujitazamia. Kila mmoja alikata simu ameridhika. Breki akamtumia Mama Mapacha ujumbe: ukumbi umepatikana, njoo Ijumaa na mapacha mpatazame.

Ijumaa mchana Breki na Binamu walitangulia. Mwenye ukumbi aliwafungulia, akaenda kutafuta swichi ya taa. Ndani palikuwa na mwanga hafifu, mzuri sana. Breki hakusubiri. Alivaa kizibao, akainama, akamwambia Binamu, "Nifukuze."

Mbele yake aliona korido ndefu. Mwisho wa korido kulikuwa na mtu anakuja mbio, ameinama, naye amevaa kizibao. Breki alishangaa nani mwingine kakodi ukumbi. Akasogea kushoto ampishe. Yule mtu naye akasogea upande uleule. Watu wa namna hiyo Breki hawavumilii. Akamwambia, "We, pisha!" akaongeza mwendo.

Waligongana paji kwa paji.

Taa zikawaka. Kuta tatu zilikuwa vioo kutoka sakafuni hadi darini, maana huo ulikuwa ukumbi wa wacheza dansi. Breki alikuwa amekaa chini anashika kichwa, na mbele yake mwenzake amekaa chini anashika kichwa. Katikati yao kulikuwa na ufa mpya.

"Nilikwambia vipo," mwenye ukumbi alisema.

"Hivi ndivyo vioo?"

"Wewe ulidhani vioo ni nini?"

Breki alikuwa na jibu, tena la kumtoa mtu machozi, lakini Mama Mapacha alikuwa ameingia, na mapacha nyuma yake bado na sare za shule. Mama Mapacha alisimama katikati ya ukumbi akajiona mara nyingi kuliko alivyowahi kujiona. Akageuka taratibu.

"Jamani," alisema. "Picha zitatoka hapa!"

"Mama Mapacha, hapa hapafai," Breki alisema.

"Hapafai nini? Pazuri hivi? Wewe umefanyaje hapo kwenye uso?"

"Amegombana na kioo," Binamu alieleza.

"Ni mwanga," Breki alisema, akijitahidi kuongea polepole. "Ukipiga kioo, mwanga unarudi. Tazama." Akaelekeza bunduki ukutani akafyatua. Kizibao chake mwenyewe kikalia. "Umeona? Nimejiua. Watoto watakufa ovyo, watapigana ngumi za kweli."

"Watoto hawajali nani kamuua nani."

"Na wataparamia vioo."

"Nitawaambia wasikimbie," Mama Mapacha alisema.

Breki alimtazama mwanamke huyu ambaye anafikiri mtoto mwenye bunduki anaambiwa asikimbie.

"Kioo kimoja tu ndicho kimepasuka," mwenye ukumbi aliongeza. "Vingine vizima."

"Mama Mapacha, mimi sichezeshi hapa."

"Basi nitampigia yule mzee." Akatoa simu.

Muda ule walipokuwa wanabishana, mapacha walikuwa wameshavaa vizibao vya Breki wenyewe. Na hawa mapacha, lazima ujue, walifanana mpaka mwalimu wao alikata tamaa. Mmoja alijificha nyuma ya pazia la jukwaani. Mwingine akatoka kumtafuta. Akageuka, akamwona. Ndugu yake huyo hapo, sare ileile, uso uleule, amemwelekezea bunduki. Mtu mwingine angeona ni kioo. Lakini pacha anayeona sura yake mbele yake hashtuki, ameizoea tangu tumboni.

Alifyatua. Kizibao chake kikalia.

"Umeniwahi!" alipiga kelele kwa hasira. "Mwizi wewe!" Akainamisha kichwa, akamvamia.

Alikuwa anaelekea penye ufa. Breki hakukumbuka kusimama. Alijikuta tu ameshika ukosi wa shati la mtoto, kwa mkono uleule uliodaka watoto miaka yote, na mtoto ananing'inia, pua yake karibu na kioo. Kipande kimoja cha kioo penye ufa, chenye ncha, kikajiachia chenyewe kikaanguka sakafuni mbele ya viatu vyake.

"Mama," pacha alisema huku ananing'inia, "na mimi nimempiga, anakataa kutoka."

Mama Mapacha alikiangalia kile kipande kwa muda. Akarudisha simu kwenye mkoba bila kupiga. Mwenye ukumbi akaenda kutafuta ufagio.

"Haya," Mama Mapacha alisema, safari hii kwa sauti ya chini. "Sipigi. Lakini Jumamosi ni kesho. Wanangu niwaambie nini? Kwa hiyo wapi?"

Breki alimweka mtoto chini, akamnyoosha ukosi. Binamu alikuwa anatazama dari kwa bidii, kama mtu ambaye hana jina lolote mdomoni.

"Kuna stoo," Breki alisema. Alilisema kama mtu anayetoa mwiba wa samaki kooni. "Nipe mpaka jioni."

Bosi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa stoo, anabandika kiraka kwenye jumba la bluu. Hakuinua macho.

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba. Umekuja kuzima nini leo?"

Breki alivuta pumzi. "Bosi, pole."

"Pole ya nini? Mimi naumwa?"

"Pole kwa yale."

"Pole wanapewa wagonjwa," Bosi alisema akipaka gundi. "Wanapewa wafiwa, na mtu aliyejikwaa. Mimi sikujikwaa. Mimi nilifungiwa ndani ya mpira mbele ya wateja. Kuna neno lake. Linaanza na sa."

"Sabuni," Binamu alijaribu kusaidia kutoka nyuma.

Breki alisimama. Maneno yote aliyokuwa nayo yalijaa mdomoni, matamu, ya kuchoma, yanasukumana kutoka, na lile moja lilikuwa nyuma kabisa. Alifikiria kuondoka. Kisha akakiona akilini kile kipande cha kioo na vile viatu vidogo vya shule.

"Samahani," alisema. "Kwa kuzima na wewe uko ndani. Kwa kuzima kwenyewe, hapana. Upepo ulikuwa mkali na wewe ulijua."

Bosi aliacha kupaka gundi. Binamu alirudi hatua moja nyuma, kwa usalama wake.

"Yule mwenzangu wa ng'ambo ya pili," Bosi alisema, "jumba lake liliruka mpaka kwenye bati la jirani. Wiki ileile."

"Nilisikia."

"Hakukuwa na mtu ndani."

"Hilo pia nilisikia."

Bosi alifunika kopo la gundi. Alichukua muda wake wote kulifunika. "Unataka kazi yako?"

"Sitaki kazi. Nataka stoo. Kesho mchana, watoto wa mchezo wa leza."

"Kazi hutaki."

"Sitaki."

"Kichwa hicho," Bosi alisema, akiutazama uvimbe kwenye paji lake, na haikueleweka anasema cha ndani au cha nje. Kisha akainuka. "Milango yote miwili iwe wazi. Na vile vigingi vya chuma vya kufungia majumba haviwezi kubaki humu, mtoto ataviangukia." Akaenda mwenyewe kuviburuta nje, akikataa kusaidiwa.

Breki alivaa kizibao, akainama, akakimbia stoo nzima. Alipita kati ya vilima vya mpira, akateleza kwenye kimoja, akaanguka juu ya kingine, akaruka, akatokea mlango wa nyuma, akarudi.

"Anafanya nini?" Bosi alimuuliza Binamu.

"Anakagua."

"Mbona hajaumia?"

"Sasa hiyo ndiyo habari njema, Bosi."

Jumamosi darasa zima lilikuja. Mama Mapacha alimfunga pacha mmoja kitambaa chekundu mkononi ili watu wajue wanamuua nani. Watoto walikufa mchana kutwa, wakatoka jasho, wakarudi wakafa tena, na hakuna aliyelia isipokuwa mmoja aliyeambiwa muda umekwisha. Bosi alikuja kuangalia vitu vyake kama viko salama. Baadaye akaomba kizibao, kukipima tu. Haukupita muda akapigwa mgongoni na msichana mdogo mwenye miwani.

"Bosi, umekufa," Breki alimwita. "Toka."

"Nani kasema?"

"Kizibao kinalia."

"Kinalia kwa sababu kibovu. Vifaa vyako vibovu, nilijua tu."

"Amekufa! Amekufa! Amekufa!" darasa zima likaimba.

Bosi alitoka bila haraka, kizibao kinalia mpaka mlangoni, akaenda kusimama karibu na Mama Mapacha. Akajipangusa jasho. "Unamwona yule msichana?" akamwambia, kwa sauti iliyopimwa imfikie kila mtu. "Mimi ndiye niliyemfundisha kila kitu."

Breki alisikia. Alikuwa na jibu lake tayari, refu, zuri, lenye soksi ndani yake. Akafungua mdomo. Lakini pacha mwenye kitambaa chekundu alikuwa anatoka mbio kwenye mlango wa nyuma, anatazama mgongoni badala ya mbele, na kule nje ndiko Bosi alikorundika vigingi. Breki akaacha jibu lake pale lilipo, akaenda kumdaka.